Kupima Uoto Unaorudi Kwenye Matimbo ya Matumbawe: Niliyojifunza Pwani ya Mombasa

Msafiri anayefuata barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, akishaiacha Nyali na kuingia Bamburi, huona upande wa bara msitu wa mivinje uliofungamana, na kama hajaambiwa hawezi kudhani kwamba mahali hapo palikuwa shimo jeupe la mawe. Kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya kupima uoto katika matimbo, yaani machimbo ya mawe, ya zamani ya pwani hii, nimewaona wageni wengi, wakiwamo wataalamu, wakisimama ukingoni, wakautazama ukijani ulio mbele yao na kusema kwamba ardhi imepona. Sikatai kwamba ukijani huo ni neema. Ninachosema, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kwamba ukijani wa juu hautoshi kuwa ushahidi wa kupona. Ushahidi uko chini, kwenye udongo unaojijenga na kwenye maotea ambayo hakuna mtu aliyeyapanda, na hauonekani kwa mtu asiyepiga magoti na asiyerudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka.

Mwamba wa pwani yetu ni matumbawe ya kale, yaliyoota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Mawe yake ndiyo yaliyojenga miji yetu, na ndiyo yanayosagwa na kuchomwa kuwa saruji. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na mahali mawe yalipokwisha palibaki sakafu tupu, isiyo na udongo wala kivuli, inayorudisha jua usoni mwa anayeikanyaga, huku maji ya chini ya ardhi yakiwa karibu nayo na yakiwa na chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa amefika Bamburi mwaka 1959, alianza kujaribu kupanda miti katika sakafu hiyo. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti wa damasi wenye asili ya Somalia, na mvinje. Mwaka 1984 sehemu ya eneo hilo ilifunguliwa kwa umma, na leo inajulikana kama Haller Park.

Watu wengi husimulia habari hiyo kama habari ya kupanda. Mimi naiona zaidi kuwa habari ya kutazama. Mvinje huweza kuishi penye njaa ya naitrojeni kwa sababu mizizi yake ina vinundu vinavyokaliwa na bakteria wanaoitwa Frankia, ambao huichukua naitrojeni hewani na kuupa mti. Hata hivyo, vijani vyake vyembamba vinapoanguka vina tanini nyingi, kemikali chungu inayochelewesha kuoza, na mwanzoni vilirundikana juu ya jiwe bila kuoza. Miti ilikuwa hai, lakini udongo haukuwa ukizaliwa. Aliyekuja kuifungua njia ni jongoo mkubwa mwenye miguu myekundu, ambaye alionekana akila vijani hivyo na kuviacha vikiwa vidonge vidogo vyeusi ambavyo wadudu wengine na bakteria waliweza kuvimalizia. Jongoo wakakusanywa na kuachiliwa chini ya miti, na mboji ikaanza kufanyika. Mtu anayehesabu miti peke yake hangeligundua tatizo hilo, kwa kuwa miti yote ilikuwa imesimama.

Matimbo niliyofanyia kazi mimi si hayo mashuhuri. Ni madogo, yametawanyika kutoka Kisauni na Shanzu hadi ng'ambo ya daraja la Mtwapa, na mengi yalichimbwa kwa ajili ya mawe ya kujengea na kokoto, yakaachwa, kisha yakapandwa miti na wenyewe au na vikundi vya vijana wa mtaa. Kazi yangu imekuwa kuweka vituo vya kudumu, kupima kila msimu, na kuandika kile ambacho ardhi inafanya, si kile tunachotamani ifanye.

Jambo la kwanza ambalo kazi hii ilinifunza ni kwamba bila alama za kudumu hakuna ufuatiliaji. Tulianza na vigingi vya chuma, kama vitabu vingi vinavyoelekeza. Hewa ya chumvi ya pwani iliviparua vikaliwa na kutu, na vile vilivyosalia vikang'olewa na watu wa chuma chakavu, jambo ambalo siwezi kuwalaumu sana katika mitaa ambayo kilo ya chuma ni mlo wa jioni. Sasa tunamimina nguzo fupi za zege, zisizo na chuma ndani, zinazochomoza juu ya ardhi kiasi cha kiganja, na namba inachorwa kwa msumari wakati zege ingali mbichi, kwa sababu rangi hufifia. Simu hutuonyesha njia ya kufika karibu, lakini chini ya miti hukosea kwa mita kadhaa, na fremu yetu, yaani mraba tunaoulaza chini ili tupime uoto ulio ndani yake, ina upana wa mita moja tu. Kwa hiyo kila fremu ina umbali wake na uelekeo wake wa dira kutoka kwenye nguzo, na umeandikwa. Picha nazo hupigwa kutoka nguzo ile ile, kwa kimo kile kile na kuelekea upande ule ule. Picha iliyopigwa mahali popote panapopendeza ni ya kalenda, haifai kwenye faili.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulikubali, nalo ni kwamba macho ya watu wawili waaminifu hayakubaliani. Mweke mtu mbele ya fremu umuulize uoto umefunika sehemu gani ya ardhi. Atakuambia asilimia 40, na mwenzake aliye kando yake atasema 60, na wote wawili wanasema kweli kama wanavyoona. Aliyesimama huona majani yanayofunika, na aliyechuchumaa huona mianya iliyo kati ya majani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko badiliko la mwaka mzima katika timbo linalopona polepole, kwa hiyo ukibadilisha mpimaji kati ya mwaka mmoja na mwingine unaweza kutangaza kwamba ardhi imestawi au imekufa ilhali kilichobadilika ni mtu.

Dawa tuliyoikuta ni ya kawaida na haina gharama. Tunatandaza utepe wa mita 50 kutoka nguzo moja hadi nyingine, tunaukaza, na kila nusu mita tunashusha ufito mwembamba wa chuma, ukiwa wima, mpaka uguse chini. Kila kilichoguswa na ufito kinaandikwa: jani la mmea gani, na chini kabisa kuna nini, kama ni mwamba mtupu, vijani vikavu, mboji au mzizi. Utepe mmoja hutoa nukta 100, na kila nukta ni asilimia moja. Ufito hauna huruma wala matumaini. Umegusa au haukugusa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akifunzwa asubuhi moja, hutoa majibu yanayokaribiana sana na ya mtu aliyesomea botania, na hilo limenipa furaha kubwa, kwa sababu maana yake ni kwamba watu wa mtaa wanaweza kuipima ardhi yao wenyewe.

Wakati wa kupima nao una uzito wake. Mwisho wa masika, mwezi wa Juni au Julai, hata timbo lililochoka kabisa huvaa nyasi na magugu ya msimu, na anayepiga picha wakati huo ataleta picha njema. Mwisho wa kaskazi, mwezi wa Machi kabla mvua hazijaanza, nyasi zile zimekwisha kukauka na kupeperuka, na kilichobaki hai ndicho kilichoshika mizizi. Sisi hupima mara zote mbili, kwa sababu masika yana mambo yake pia: sehemu za bondeni hujaa maji, na miche iliyopandwa hapo hufa kwa kuzama na si kwa kiu. Lakini kama fedha zinatosha kwa kipimo kimoja tu kwa mwaka, ushauri wangu ni kuchagua Machi.

Kuna Machi moja ambayo ilinionyesha kwa dhahiri ninachokitafuta. Tulikuwa chini ya mivinje ya makamo, iliyopandwa kwa mistari, na nililala kifudifudi kando ya fremu nikaanza kuondoa tabaka moja moja kwa vidole. Juu kabisa palikuwa na vijani vya rangi ya kahawia, vikavu, vinavyovunjika kwa sauti. Chini yake vilikuwa vya kijivu, vimelowa kidogo ingawa juu palikuwa pakavu, na vimekatikakatika. Tabaka la tatu lilikuwa la vidonge vya jongoo, vya mviringo na vyeusi, vinavyobonyea ukivifinya, na katikati yake nyuzi nyeupe za kuvu. Kisha ikaja mboji yenyewe, unene wa kidole, na mara ghafla jiwe jeupe. Katika mboji ile mlikuwa na mizizi myembamba ya mvinje yenye vinundu vyake, na mlikuwa na mzizi mwingine mwekundu ambao haukuwa wa mvinje. Niliufuata mpaka nikafika kwenye mche mdogo wenye majani manane, ambao shina lake lilikuwa limeanza kuwa gumu.

Ugumu wa shina lile ulikuwa na maana kuliko urefu wa mivinje yote iliyotuzunguka. Mvinje haujioteshi vizuri chini ya kivuli chake wenyewe na juu ya zulia la vijani vyake. Unapenda jua na mchanga ulio wazi. Kwa hiyo shamba la mivinje lililopandwa mwaka mmoja litazeeka pamoja, na siku ya kuanguka litaanguka kwa pamoja pia. Kama chini yake hakuna miti mingine inayokua, timbo litarudi kuwa jiwe tupu lenye magogo juu yake. Mvinje umekuja kuandaa nyumba, na swali la mpimaji ni kama wenye nyumba wameanza kuingia.

Ndiyo maana tulibadilisha fomu zetu. Zamani tulihesabu maotea yote kwa pamoja. Siku hizi tunayatenganisha: yaliyochipua mvua hii, ambayo bado yana majani yake ya kwanza na shina la kijani, na yale yaliyovuka angalau kaskazi moja. Tunafunga waya laini wenye kibati cha namba kwenye mche, bila kuubana, na tunaufuata. Maotea ya mvua hii yanaweza kuwa mengi ajabu baada ya masika mazuri, na mengi yao hufa kabla ya Februari. Hesabu yao inafurahisha lakini haielezi jambo. Mche uliovuka kaskazi umekwisha kupata ufa katika jiwe au mboji ya kutosha kuhifadhi unyevu, na idadi ya miche ya namna hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, naamini kwamba ardhi imeanza kujitegemea. Kama ningeambiwa nichague namba moja tu katika ripoti nzima, ningechagua hiyo.

Baada ya kuhesabu huja kutambua, na hapo elimu yangu ya darasani ilihitaji msaada. Mzee mmoja wa Kisauni anayejua dawa za miti shamba alikuwa akipita ukingoni mwa timbo moja kutafuta mizizi, na tulipomwamkia, "Shikamoo mzee," aliitika marahaba na kutuuliza tunatafuta nini huko chini kwa magoti. Tukamweleza. Aliteremka akazunguka nasi polepole, akigusa kila jani. "Huu ni mkwamba, mwanangu. Huu ni mkone. Hii yote haikupandwa na mtu, imeletwa na ndege. Tazama, iko chini ya matawi wanapotua." Kisha akaelekeza bakora yake kwenye kichaka cha kijani kibichi kilichokuwa kimestawi kuliko vyote, ambacho vijana walikuwa wakijivunia. "Na ule mlusina mkiuacha, miaka miwili mitatu mtaukuta hapa uko peke yake."

Alisema kweli. Mlusina, ambao asili yake ni Amerika ya Kati, hukua haraka, hutoa mbegu nyingi mno, na hukaba kila kinachojaribu kuota chini yake. Mwarobaini, ambao wazee wengine wa huku huuita mkilifi, unapendwa kwa dawa na mimi mwenyewe nimekunywa maji yake, lakini katika timbo huenea kwa mbegu zinazobebwa na ndege, na kunguru wa mjini ni mbebaji hodari. Lantana, kichaka cha kigeni, nayo huja na maua yake mazuri. Yote hii huongeza ukijani. Kwa hiyo fomu yetu hugawa kila nukta ya ufito katika mafungu: mimea ya asili ya pwani, mimea ya kigeni tuliyoipanda kwa makusudi kama mvinje, na mimea vamizi. Jumla ya asilimia bila mgawanyo huo inaweza kupanda kila mwaka huku timbo likiharibika kila mwaka. Majina tunayaandika mawili, la Kiswahili kama lilivyotamkwa mahali hapo na la kisayansi, kwa kuwa jina moja la mtaani linaweza kuwa la miti miwili tofauti ukivuka kutoka Mtwapa hadi Kwale. Mmea tusioutambua tunaukausha kati ya magazeti na kuupeleka kulinganishwa katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Majani nayo husema kabla mti haujafa, na mpimaji anayepita haraka hukosa habari hiyo. Katika timbo moja, baadhi ya miche ya asili iliyopandwa kwenye mashimo yaliyojazwa mbolea ya ng'ombe ilichanua vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili majani machanga ya juu yalianza kuwa ya manjano ilhali mishipa yake ilibaki ya kijani, kiasi kwamba kila jani lilionekana limechorwa ramani ya mito. Majani ya zamani yakitangulia kuwa manjano, mara nyingi kinachokosekana ni naitrojeni. Yakitangulia machanga kwa namna ile, mti unakosa chuma. Chuma hakikosekani ardhini. Udongo unaotokana na chokaa huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ambayo kwa kawaida iko kati ya 7.5 na 8.5, na katika hali hiyo chuma hujifunga mizizi isikipate, na fosforasi nayo hushikwa na kalisi. Mizizi ilikuwa imemaliza mbolea ya shimo na kugusa ukuta wa matumbawe. Hesabu ya miche hai mwaka ule ilikuwa nzuri sana, na kama tungeishia kwenye hesabu hiyo, vifo vilivyofuata vingetushangaza. Tangu hapo kila mche unaofuatwa una nafasi katika fomu ya kuandika rangi ya jani jipya na rangi ya jani la zamani, na pH na chumvi ya udongo hupimwa pamoja na uoto, si baada ya miti kufa.

Vijana huniuliza kwa nini tusitumie setilaiti. Tunazitumia. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zenye nukta za mita 30 (kila nukta ya picha ni mraba wa ardhi wenye upande huo) zimekuwa zikitolewa bure tangu 2008 na zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980, na Sentinel-2, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, hutoa nukta za mita 10. Kipimo kinachojulikana kwa kifupisho cha NDVI hulinganisha mwanga mwekundu, ambao majani huunyonya, na mwanga wa infraredi ya karibu, ambao majani huurudisha, na kutoa namba iliyo kati ya -1 na 1. Kwa timbo kubwa ni msaada mzuri: ukitazama Februari ya kila mwaka utaona mahali panapodhoofika, ukaenda huko kwa miguu. Hata hivyo, wakati wa masika mawingu ya pwani hufunika siku nyingi, kwa hiyo ni hatari kulinganisha Februari ya mwaka mmoja na Julai ya mwaka mwingine kwa sababu tu ndizo picha zilizopatikana. Jiwe jeupe linalong'aa kati ya mimea michache huivuruga namba. Timbo dogo lenye nukta chache huchanganyikana na bustani ya jirani. Na mlusina, kwa setilaiti, ni kijani safi kabisa. Kwangu mimi setilaiti inanionyesha pa kwenda kupiga magoti, basi.

Kuna swali ambalo nililiepuka kwa muda, kwa sababu linaonekana la kifalsafa kumbe ni la kazi: ardhi inapona ili iwe nini? Namba yoyote inahitaji pa kulinganishwa. Kwa bahati njema pwani yetu ina makaya ya Wamijikenda, misitu iliyolindwa na wazee kwa mila kwa karne nyingi, ambayo kadhaa kati yake iliandikishwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa Urithi wa Dunia. Kaya Kinondo, upande wa Diani, imesimama juu ya matumbawe yale yale tunayoyachimba huku. Tulikwenda kwa ruhusa ya wazee wa kaya, tukajifunga kaniki nyeusi kama inavyotakiwa, hatukukata wala kuokota kitu, tukatazama na kuandika kile tulichoruhusiwa. Nilitoka humo nikiwa nimebadilika. Jiwe ni lile lile, limejaa nyufa, na katika kila ufa kuna mzizi. Miti mikubwa iko mbalimbali, na chini yake kuna watoto wa miti hiyo wa kila umri, na mitambaazi, na takataka za majani zinazooza kwa harufu ya udongo. Tofauti ya umri ndiyo iliyonishika. Katika matimbo yetu miti yote ni rika moja.

Sidai kwamba timbo litakuwa kaya. Sakafu ya timbo iko chini, karibu na maji ya chumvi, na uso wa jiwe lililokatwa na mashine hauna nyufa zilizotobolewa na mvua kwa maelfu ya miaka. Tena kaya ina utakatifu ambao haupandwi. Lakini inatuonyesha uelekeo, na imetupa kipimo cha kuuliza: je, kwa kila mti mkubwa wa asili kuna wadogo wake wanaofuata? Swali hilo tunaliuliza kila Machi.

Muda wa kufuatilia ndio unaogombewa zaidi. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1977 ya uchimbaji wa makaa ya mawe juu ya ardhi, mchimbaji hubaki na wajibu wa uoto kwa miaka mitano kamili tangu upandaji wa mwisho, na kwa miaka kumi mahali ambapo mvua ya mwaka haizidi inchi 26, yaani kama milimita 660. Na uoto huo hupimwa dhidi ya kiwango kilichokubaliwa, ukihesabiwa kuwa umefaulu ukifikia angalau asilimia 90 ya kiwango hicho. Sisi Kenya tuna Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 pamoja na ukaguzi wake, na Sheria ya Madini ya 2016 inayodai dhamana ya mazingira kwa ajili ya kurudisha ardhi. Sheria hizo ni nzuri na nashukuru kuwa nazo. Kazi iliyobaki kwetu watu wa mashinani ni kuhakikisha kwamba kinachopimwa kabla ya mtu kuambiwa amemaliza ni ardhi yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu kampuni moja niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilitaka ripoti ifunguliwe kwa idadi ya miche iliyopandwa tangu mwanzo, ikiwamo ile iliyopandwa mara tatu katika shimo lile lile baada ya kufa mara mbili, na takwimu za vifo ziwekwe mwishoni kwenye viambatisho. Nilikataa kutia sahihi, tukajadiliana kwa siku nyingi, na hatimaye namba zote mbili zikawekwa ukurasa mmoja. Taifa letu limejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na nalipenda lengo hilo kwa moyo wangu wote. Kwa sababu nalipenda, naomba kila hesabu ya miti iliyopandwa iandamane na hesabu ya iliyo hai baada ya kaskazi mbili, na ionyeshe ni aina gani.

Jambo la mwisho linahusu karatasi. Matimbo hubadilisha wenyewe, maafisa huhamishwa, kompyuta huharibika, na nimefika mahali palipopimwa vizuri kwa miaka mingi nikakuta hakuna anayejua daftari lilikwenda wapi, ikawa tunaanza mwaka wa kwanza tena katika msitu wenye umri wa kuoa. Sasa kila kituo kina nakala tatu za fomu zake: moja kwa mwenye timbo, moja kwa kikundi cha vijana cha mtaa, na moja ya karatasi katika shule iliyo karibu zaidi, ambapo walimu wa sayansi huitumia kufundishia. Ukurasa wa kwanza wa kila nakala una mchoro wa nguzo zote, umbali kati yake, uelekeo wa dira, na maelezo ya namna ya kushusha ufito, yaliyoandikwa kwa Kiswahili ili mtu ambaye hajawahi kutuona aweze kuendelea Machi inayofuata.